UZI: "PF3 iko wapi?" Tulimpandisha Tom Robinson kizimbani kwa Kiswahili, hapa Nsambya

Mnong'onezi (mwanzisha uzi)

Niliahidi kuandika tangu wiki iliyopita. Umeme ulinichelewesha siku moja, siku zilizobaki ni uvivu wangu mwenyewe, mnisamehe.

Kwa ambao hamkusikia: Jumamosi ile tulisoma jukwaani kesi ya To Kill a Mockingbird kwa Kiswahili, ukumbini karibu na kambi ya polisi Nsambya, Kampala. Bila kiingilio. Taa mbili, moja inapepesa. Viti vya plastiki na mabenchi ya kuazima. Waigizaji ni watu wa hapa hapa: fundi cherehani, mwendesha boda, wanafunzi wawili, na mwalimu aliyetafsiri na kutuongoza. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya pazia na karatasi, kumnong'oneza anayesahau. Aliyewahi kukaa pale anajua kwamba mchezo huuoni. Unaona nyuso za watu.

Kisa kwa ufupi, maana wengine mlikisoma mkakisahau. Harper Lee, 1960. Alabama ya miaka ya 1930, mji wa kubuni uitwao Maycomb. Tom Robinson, mweusi, anashtakiwa kumbaka Mayella Ewell, binti mzungu wa familia fukara. Wakili wake ni Atticus Finch, na hadithi tunaisikia kwa binti wa wakili, Scout. Ushahidi unamsafisha Tom waziwazi. Juri la wanaume 12 weupe linamtia hatiani.

Sasa watazamaji. Shahidi wa kwanza ni Heck Tate, mkuu wa polisi wa pale, akachezwa na yule wa boda aliyevaa koti la mvua kama sare. Atticus anamuuliza: ulimwita daktari? Hapana. Kuna mtu yeyote aliyemwita daktari? Hapana. Kitabuni ndivyo lilivyo, swali linarudiwa hadi linauma. Mara mstari wa tatu akainuka sajenti mstaafu, mzee tunayemheshimu sana mtaani, akanyoosha fimbo: "PF3 iko wapi?"

Ukumbi mzima ukapasuka. Watu walicheka hadi benchi moja likapinduka. Kwa ndugu zetu walio nje ya Uganda: PF3 ni fomu ya polisi ambayo aliyepigwa huenda nayo kwa daktari ikajazwe, ya waliodhulumiwa kingono ni PF3A. Kambini hata mtoto wa shule anaijua. Yule wa boda akashtuka, akasahau kabisa kwamba yuko Alabama, akajibu: "Haipo, afande."

Mwalimu alikasirika. Alisema wametuharibia, kwamba watu wetu hawajui kukaa kimya, kesi ya kubaka wameigeuza kichekesho. Mimi nimekataa, na ndiyo sababu ya uzi huu. Mzee mwenyewe hakuwa anacheka, alikuwa amekunja uso. Na waliocheka walimcheka afisa aliyekamatwa hadharani bila karatasi. Swali lake ndilo lile la Atticus, ila yeye alilitaja kwa jina lake.

Lakini kilichoninyima usingizi ni kingine. Mwendesha mashtaka, Gilmer, anamhoji Tom: kwa nini ulikuwa unamsaidia huyu msichana kazi bila malipo? Tom anajibu, "Nilimwonea huruma." Ukumbi ukaitikia "eeeh", kama msibani mtu anapomsifu marehemu vizuri. Kwao lilikuwa jibu la mtu aliyelelewa. Nikajua tumekwama, maana Alabama hilo ndilo neno linalomuua. Mweusi hana ruhusa ya kumhurumia mzungu. Kitabuni Gilmer analidaka, na Tom anatambua kosa lake papo hapo.

Gilmer wetu, yule fundi cherehani, alitakiwa kurudia: "Ulimwonea huruma? Wewe?" Akasema "Ulimwonea?" kisha neno likampotea. Akanitupia jicho. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe, nikasikia ukumbi unasema "mmh".

Hebu lisikieni wenyewe. Ulimwonea. Likiwa na huruma ni wema, likiachwa peke yake ni dhuluma. Neno la Tom lilitolewa kinywani mwake, likakatwa mkia, akarudishiwa likiwa shtaka. Sikunong'ona. Nilimwacha fundi atoke jasho. Mama mmoja wa mbele akasema, "Hapo amekwisha," ndipo nikampa: huruma.

Mliokuwepo semeni, msiniache peke yangu.

Binti Kambini

Nilikuwepo, nilimleta babu. Kakangu Mnong'onezi, umesahau "boi".

Mwalimu alipata taabu na yale matusi ya kitabuni, maana Kiswahili hakina tusi la rangi linalochoma hivyo. Ukisema "mweusi" hapa umetaja watu wote ukumbini. Akachagua "boi", na Gilmer wa kitabuni kweli humwita Tom hivyo, mtu mzima mwenye mke na watoto. Vijana hawakushtuka. Wazee ndio waliotulia ghafla. Babu alikuwa boi wa mzungu Entebbe akiwa kijana, alikuwa na jina la babake lakini pale jina lake lilikuwa hilo. Tuliporudi nyumbani alisema kitu kimoja tu: "Yule fundi anajua kulisema."

Na jambo jingine. Jirani yetu Muganda, wa makamo, alikaa pembeni yangu. Gilmer alipoanza kupandisha sauti, alinishika mkono. Aliniambia baadaye kwamba hakuwaza Marekani hata kidogo. Kwake Kiswahili cha sauti ile ni cha "panda gari", miaka ya 1980, watu wanazolewa mitaani Kampala na kupandishwa malori. Sisi tuliozaliwa kambini tunasahau kwamba lugha yetu ya kuchezea ilikuwa ya kuwaamrisha wengine washuke kwenye taxi. Kwa hiyo Tom alipojibu kwa Kiswahili cha upole, yeye ndiye alionekana mgeni katika lugha yake. Sijui kama mwalimu alikusudia.

Mswahili Sanifu

Hongereni kwa juhudi, ila tusigeuze usahaulifu kuwa sanaa. Mwigizaji alisahau, basi. "Kumwonea mtu huruma" ni fungu moja, hulikati katikati kama muwa. Mtazamaji aliyesema "mmh" huenda alikuwa anamwonea huruma fundi.

La pili, jina. Nasikia mliita "Kumuua Chiriku". Chiriku kwa Mswahili ni mtu mdomo mrefu, mpiga porojo. Ndege wa kitabu, mockingbird, hana hatia yoyote, anaimba tu. Mngesema kurumbiza. Huyo mnaye bustanini mwenu Kampala, na kama yule wa Marekani huiga sauti za ndege wenzake.

Mnong'onezi

Kuhusu kurumbiza umenishinda, mzee. Tutabadilisha. Kuhusu "ulimwonea" bado nabisha.

Kyeyo London

Salamu kutoka baridini. Mimi niliuona ule mchezo alioandika Aaron Sorkin kutokana na kitabu hiki, hapa ukumbi wa Gielgud, 2022, baada ya kutoka New York ulikofunguliwa Desemba 2018. Tiketi ilikula mshahara wa siku, nilikaa juu kabisa karibu na dari.

Tofauti kubwa ni kwamba watoto wanachezwa na watu wazima, na kesi inaingia mapema, inakatwakatwa na kurudiwa, si kama kitabuni ambako unasubiri nusu nzima. Calpurnia, yaya wa nyumbani, kapewa mdomo. Anambishia Atticus jikoni, anamwambia ukweli. Warithi wa Harper Lee walishtaki mapema 2018 wakisema Atticus amebadilishwa, wakaja kupatana kabla ya mchezo kufunguliwa. Na viti vya juri viko wazi, hakuna aliyekaa. Unaelewa kwamba juri ni wewe uliyelipa.

Na juri lile la London lilikuwa kimya, jamani! Kimya cha hospitali. Jirani yangu alilia bila sauti, akafuta machozi kwa kipeperushi. Mwisho wakapiga makofi dakika nyingi, wakaenda kupanga foleni ya koti. Hakuna aliyemuuliza Heck Tate kitu. Nimesoma habari ya fimbo ya sajenti nikiwa kwenye basi nikacheka peke yangu, watu wakahama kiti.

Sisemi wao hawakuelewa. Lakini kimya kile sikukijua kina nini ndani. Cha Nsambya mnakijua.

Mkalimani Mstaafu

Vijana wangu, nilikuwa mkalimani wa mahakama miaka mingi. Sikuja kwenye mchezo wenu, miguu hainiruhusu, lakini mjukuu alinirekodia kwenye simu. Naomba niseme mawili.

Nilisikia watu wakimzomea Jaji Taylor. "Kataa! Kataa!" Na mmoja, "Jaji mwoga!" Hilo halikunishangaza. Watu wetu wamezoea Mahakama Kuu ambako kesi kubwa ilisikilizwa na jaji pamoja na wazee wa baraza wawili. Kila mzee anasimama, anatoa maoni yake, na jaji hafungwi nayo. Nimewahi kuwatafsiria wazee waliosema hapana, jaji akasema ndiyo, akaandika sababu. Kwa hiyo mtu wa Nsambya anapoona watu 12 wanaingia, wanatamka neno moja bila sababu yoyote, na mzee mwenye joho anaitikia kwa kichwa, anaona jaji amekimbia kazi. Mngewaeleza mapema.

Tena kitabuni Atticus anamwambia mwanawe Jem kwamba afadhali sheria ibadilishwe, adhabu ya kifo apange jaji pekee. Nikisoma hapo huwa natabasamu kwa uchungu kidogo. Kwetu jaji alikuwa na kesi nzima mkononi, lakini ukishatiwa hatiani kwa mauaji sheria ilimlazimisha aseme kunyongwa, apende asipende. Hadi Januari 2009, kesi ya Susan Kigula na wenzake, Mahakama ya Juu iliposema kifo cha lazima ni kinyume cha katiba. Nimeshatafsiri hukumu ile ya kifo kabla ya hapo. Unaitafsiri polepole ukidhani utachelewesha kitu.

La pili ni "ulimwonea". Mswahili Sanifu, ndugu yangu, nakuheshimu, lakini hukuwahi kusimama kizimbani. Wakili mwerevu hufanya hivyo kila siku. Anachukua nusu ya jibu lako, anakurudishia kwa swali. Nilikuwa napata shida, nitafsiri alichosema au alichokata? Kwa Kiingereza hawezi kuikata sentensi ile hivyo. Kwa Kiswahili anaweza. Fundi wenu alisahau vizuri.

Mama wa Katwe

Mutanisamehe Kiswahili changu cha Bukavu. Ndiye miye nilisema "hapo amekwisha". Na ndiye miye nilimwambia yule binti "sema ukweli, mwanangu", munitukane sasa.

Wote munamuongelea Tom na wakili. Mayella je? Yule mtoto wa shule aliyemucheza alikaa pale anavuta pindo la gauni, anavuta, anavuta, hadi uzi ukatoka. Alimwambia Tom aliweka akiba mwaka muzima, sarafu kwa sarafu, apate saba za senti tano za kuwapeleka wadogo zake saba mujini kula aiskrimu, ili abaki peke yake siku moja. Mwaka muzima! Na yale maua mekundu kwenye ndoo mbovu, ndicho kitu pekee kizuri katika uwanja wa takataka. Miye pia nilipofika hapa nilipanda maua kwenye kopo la mafuta ya kula mbele ya chumba cha kupanga. Mwenye nyumba aliniuliza ni ya kazi gani.

Baba yake ndiye alimupiga. Jicho la kuume, mupigaji ni wa mukono wa kushoto, na Tom mukono wake wa kushoto umekufa. Ukumbi wote uliona. Lakini yeye anarudi kulala nyumba ya nani usiku ule? Ndiyo maana nilimwambia sema ukweli, na nikajua hawezi. Uongo wake umeua mutu, simusamehe. Ila pindo lile la gauni naliona hadi leo.

Binti Kambini

Mama, nilidhani aliyesema "mwanangu" alikuwa mwigizaji. Kweli nilidhani ni sehemu ya mchezo.

Mzee wa Jineri

Mimi ni mtu wa Lira, nimekuja Kampala kwa matibabu, mwanangu akanichukua huko ukumbini. Nasoma huu uzi kwa simu yake.

Hamjataja mkono. Mwalimu alisema Tom aliumizwa mkono "na mashine". Mashine gani? Ni ya kuchambua pamba. Mimi nimefanya kazi jineri nikiwa kijana. Pamba ililetwa Uganda 1903, babu zetu wakaamriwa walime, lakini kuichambua ilikuwa ya wengine. Hata fujo za Buganda za 1949, moja ya madai ilikuwa wakulima wachambue pamba yao wenyewe. Ushirika ulipopata mashine ndipo sisi tukaingia.

Ndani kuna vumbi la nyuzi, huoni mbali. Mkanda unazunguka, rola zinameza. Ukivaa shati la mikono mirefu lenye kifungo kilicholegea, umejiandikia. Nilimwona kijana mwenzangu, rola ikashika mkono wa shati kwanza, si mkono. Alikuwa na nafasi ya kurarua shati. Lakini lilikuwa shati jipya, akavuta kuliokoa. Huyo hadi anazeeka alikuwa akisalimia watu kwa mkono mmoja, mwingine mfukoni.

Kwa hiyo kijana wenu aliyecheza Tom alipotoa mkono mfukoni na ukaanguka kama kamba, sikuhitaji wakili. Nilijua hajapiga mtu jicho. Nyinyi mlicheka PF3, mimi nilikuwa nishamwachilia.

Msomi wa Mlimani

Nauliza bila ubaya: mlikuwa na ruhusa? Maana haki za mchezo huu ni moto. Mwanzoni mwa 2019 mawakili wa waliouleta ule wa New York waliwatishia wanatamthilia wadogo kadhaa waliokuwa wakitumia tamthilia ya zamani ya Christopher Sergel, na maonyesho yakafutwa. Baadaye wakawaruhusu watumie ile ya Sorkin. Nyinyi mmetafsiri wenyewe kutoka kitabuni, ni jambo jingine lakini si dogo.

Nasema hivi kwa sababu nataka liende mbali. Lifike National Theatre. Jengo limekuwepo tangu 1959, na Novemba 1962 wanafunzi wa Makerere walipandisha pale The Black Hermit ya Ngũgĩ. Kisha miaka ya 1960 ile tamthilia ya kusafiri ya Makerere ilizunguka vijijini na michezo ya Kiswahili pamoja na lugha nyingine. Siyo kwamba Kiswahili jukwaani Uganda kimeanza na amri ya baraza la mawaziri ya 2022 ya kukifanya lugha rasmi.

Mnong'onezi

Swali la haki. Ilikuwa jioni moja, usomaji wa sehemu ya kesi, hakuna aliyelipa wala kulipwa. Mwalimu ameandika barua ya kuomba ruhusa, hatujajibiwa. Bila jibu hatuonyeshi tena.

National Theatre, sina hakika. Pale kuna viti vilivyofungwa sakafuni, benchi haliwezi kupinduka.

Kyeyo London

Nina swali mmesahau kulijibu. Ile sehemu ya kitabuni ya weusi waliokaa roshani, wanaposimama wote Atticus akitoka, na mchungaji anamwambia Scout asimame, baba yako anapita. Nsambya walisimama?

Binti Kambini

Hawakusimama. Hatukuwa na roshani, mwalimu aliwaweka waigizaji wanne nyuma ya watazamaji wasimame, akitumaini watu watafuata. Mmoja akageuka akawaambia kaeni, mnatuziba. Na mwanamke wa chapati akauliza kwa sauti, "Asimame kwa lipi? Kesi si ameshindwa?"

Mkalimani Mstaafu

Huyo wa chapati ana hoja ya mteja. Sisi wa mahakamani tulikuwa tukisimama kwa mwingine.

Mama wa Katwe

Mke wa Tom ndiye angesimamiwa. Alikaa mukutano muzima bila neno moja.

Mswahili Sanifu

Nimesoma yote, nikarudi kwenye Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, ya 1969, ule mlango wa mahakamani. Pale pia mtu anashinda kesi kwa neno moja: mkataba ulitaja nyama, haukutaja damu. Nikakaa kidogo.

Haya. Nakubali kwamba "ulimwonea?" lina makali. Sikubali kwamba fundi alikusudia. Kama mna akili, mwonyesho ujao aandikiwe hivyo kabisa kwenye karatasi: Ulimwonea. Kimya. Huruma.

Mnong'onezi

Tumejaribu, mzee. Jana jioni mazoezini mwalimu aliandika "kimya" kwa kalamu nyekundu. Fundi akasema "Ulimwonea", akahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, tukamwona, tukacheka. Mara ya pili akakaa kimya mno, yule wa boda akadhani amesahau, akampa neno. Mara ya tatu aliunganisha yote kwa pumzi moja. Anasema siku ile ilikuwa rahisi kwa sababu kweli hakujua kinachofuata.

Kwa hiyo mwalimu ameamua Gilmer asipewe tena karatasi ya ukurasa ule. Atafundishwa mwanzo na mwisho tu. Katikati nitakuwa nayo mimi.